Nairobi tunaiogopa kwa ramani ya zamani

Tangu Septemba 2023 CAF walipotangaza kwamba AFCON ya 2027, yaani kombe la mataifa ya Afrika, wanapewa Kenya, Tanzania na Uganda kwa pamoja, grupu letu la mpira hapa Dar halijawahi kumaliza mwezi bila mtu kuanza kupanga safari. Arusha watu wanaitaka, Kampala wanaitaka hata ambao hawajui wakifika watalala wapi, ila ikitajwa Nairobi mazungumzo yanabadilika ghafla. "Za Nairobi tutaangalia kwenye TV", mtu anaandika, wenzake wanakubali, halafu mmoja analeta stori ya shemeji yake aliyevuliwa viatu River Road, katikati ya Nairobi, mwaka ambao hata yeye haukumbuki. CHAN ya Agosti 2025, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, ikaja kukoleza, maana mashabiki wasio na tiketi walivamia mageti ya uwanja wa Kasarani, CAF ikawapiga Wakenya faini na ikapunguza idadi ya tiketi za mechi zao hadi 27,000, na hapo kila aliyekuwa na wasiwasi akaona ameshapata ushahidi: si mnaona, tuliwaambia, mji wa fujo ule. Nimekaa na hili jambo muda sasa na kila nikilipima naona watu wanalisoma vibaya.

Sisemi Nairobi hakuna wezi. Wapo, na mtu akikwambia hawapo huyo hakutakii mema. Ninachosema ni kwamba sifa mbaya ya Nairobi ni ramani ya zamani, ilichorwa miaka ya tisini na mwanzoni mwa elfu mbili, na kipindi hicho ilikuwa na ukweli mwingi tu, lakini mji ukabadilika ramani ikabaki vile vile. Matokeo yake mgeni anaogopa mitaa isiyo yenyewe na watu wasio wenyewe, halafu hatari za leo anazipita kifua mbele kwa sababu hakuna aliyemtajia. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba hilo jina baya halikai mdomoni tu, linafanya kazi, kuna watu wanapigwa na kufukuzwa na hata kuuawa kwa kisingizio chake, na AFCON ikija kabla hatujalifikiria upya litafanya kazi zaidi.

Tuanze na lilikotoka maana halikuanguka kutoka mbinguni. Nairobi ya miaka ya tisini ilikuwa mji uliobanwa kila upande, masharti ya IMF na Benki ya Dunia yamekata ajira serikalini, baraza la jiji limeoza, taa za barabarani zimekufa, chokoraa wamejaa katikati ya mji wakinusa gundi. Kukabwa shingo kukawa kwa kawaida kiasi cha kupewa jina lake, ngeta, na utekaji wa magari ukazidi mpaka madereva wengine usiku hawasimami kwenye taa nyekundu. Agosti 7, 1998 ubalozi wa Marekani ukalipuliwa pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie, watu 213 wakafa. Mwaka 2001 Umoja wa Mataifa wenyewe, ambao UNEP na UN-Habitat makao yao makuu yako pale pale Gigiri, wakaushusha mji hadi daraja la C kwa wafanyakazi wao, sababu usalama. Ndo kipindi jina la Nairobbery, Nairobi iliyochanganywa na neno la Kiingereza la unyang'anyi, liliposhika kila mahali. Wakenya wao wana jina lingine la mji wao, shamba la mawe, yaani hapa huvuni kitu bila jasho, na mi huwa naona tofauti kubwa kati ya hayo majina mawili: la wageni linamtaja mwizi, la wenyeji linamtaja mtu anayelima.

Sasa kilichobadilika ni nini. Watu wengi wakiulizwa watasema polisi, au watasema mji umejengwa, mi naona yalikuwa mambo madogo madogo ya kila siku. Februari 2004 waziri wa uchukuzi wa wakati huo, John Michuki, akalazimisha matatu zote ziwe na mikanda, vidhibiti mwendo, mstari wa njano ubavuni, dereva na makanga wavae sare na abiria wasizidi viti, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi mtu akipanda gari alijua nani ni makanga na nani amejipachika tu mlangoni. Zile sheria zililegea baadaye, hilo najua, ila ule ustaarabu wa kila abiria na kiti chake ulibaki kwenye magari mengi. Halafu Machi 2007 ikaja M-Pesa, na hapa naomba tufikiri vizuri maana kukaba mtu ni kazi ya hatari inayohitaji uhakika wa kukuta pesa. Mtu wa Nairobi leo analipa nauli kwa simu, mboga kwa simu, kinyozi kwa simu, mfukoni unaweza usikute hata shilingi mia. Naamini hicho ndicho kilichobadilisha sura ya wizi kuliko operesheni yoyote ya polisi, kutoka kukaba mpaka kukwapua, na kinachokwapuliwa sasa ni simu yenyewe, dirishani kwenye gari au mkononi mwa mtu anayetembea anachati. Ni wizi bado, unauma, ila si ile Nairobi ya kukuta mtu kalala mtaroni asubuhi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Karura. Huu ni msitu wa zaidi ya hekta 1,000 ndani ya mji, na mwishoni mwa miaka ya tisini wakubwa walikuwa wameshaugawana viwanja, Wangari Maathai na wenzake wakawa wanaingia kupanda miti, Januari 1999 wakapigwa na watu waliokodiwa mpaka yeye akapasuliwa kichwa. Msitu ukapona, lakini kwa miaka mingi baada ya hapo ukawa mahali pa kuogopa kabisa, ukimwambia mtu unapita Karura anakushangaa, palijulikana kwa kutupwa maiti. Kuanzia karibu 2010 wakazi wakaunda kikundi chao, Friends of Karura, wakashirikiana na idara ya misitu, wakaweka uzio, wakafungua mageti yenye kiingilio kidogo, na ulinzi wa ndani wakawapa vijana wa vijiji vinavyopakana na msitu, wale wale ambao zamani wangetajwa kama washukiwa. Nimesimama pale getini Jumapili moja asubuhi, ubaridi wa Nairobi unajulikana, nikamuona mama mtu mzima ameinama anafunga kamba za raba zake, simu kaiacha juu ya benchi nyuma yake, watu wanapita, yeye hageuki hata kuitazama. Alipomaliza akaichukua akaingia msituni peke yake. Mahali ambapo mwanamke anakimbia peke yake asubuhi ndani ya miti, mahali hapo pamebadilika, na hapakubadilishwa na bunduki.

Twende kwenye hoja za upande wa pili, na naanza na ile dhaifu kwa sababu ndiyo inayosikika zaidi: "kila mtu ana stori". Ni kweli kila mtu anayo, ila ukiziuliza hizo stori ni za nani na za lini, nyingi zinaishia kwa mtu wa tatu na mwaka wa tisini na kitu. Stori ya kuibiwa inasafiri, ya kufika salama haina msimuliaji, hakuna mtu anayerudi Dar akakaa kijiweni kusimulia kwamba alishuka kwenye basi, akala chapati na maharage, akalala, akaamka. Na jina likishajengeka hata namba zinatii. Kwa miaka watu waliandika kwamba Kibera ina watu milioni moja, wengine walienda mpaka zaidi, ndo mtaa duni mkubwa kuliko yote Afrika, ikarudiwa hadi ikawa elimu. Sensa ya Kenya ya 2009 ikahesabu watu 170,070. Wapo wanaobisha kwamba walipunjwa, sawa, lakini hata ukizidisha mara mbili na ukaongeza juu yake bado hufiki nusu ya ile hadithi. Kama jambo linalohesabika kabisa kama idadi ya watu liliweza kuvimba hivyo bila mtu kushtuka, hofu ambayo haina mzani wa kuipimia itakuwa imevimba kiasi gani?

Na sisi wa Dar ndo tungetakiwa kuwa wa mwisho kutumia hoja hiyo. Ile Agosti 7, 1998 bomu halikulipuka Nairobi tu, dakika chache tu zilitengana na la ubalozi wa Marekani Dar es Salaam, watu 11 wakafa, lakini hakuna anayeiita Dar mji wa mabomu. Tumeishi na Panya Road, yale magenge ya vijana, tumefunga maduka Januari 2015 kwa uvumi tu kwamba wanakuja, wakarudi tena 2022 wakaingia majumbani na mapanga, na hata siku moja hatukusema Dar ni mji wa wezi, tulisema kuna vijana wahalifu washughulikiwe. Mimi binafsi nimekuwa naenda Nairobi tangu 2009, mwanzoni kufuata mizigo Eastleigh na baadaye kwa kuzoea, na simu niliyowahi kuibiwa maishani ni moja, niliibiwa kituo cha daladala hapa hapa Dar mchana kweupe. Simu moja haithibitishi kitu, natoa mfano kuonyesha tu kwamba nilipoibiwa nyumbani nilimlaumu mwizi, ila ningeibiwa Nairobi najua kabisa ningeulaumu mji.

Watetezi wa Nairobi nao wana hoja yao dhaifu na lazima niiseme. Ukiwaambia mji una sifa mbaya wanakuonyesha picha za Westlands usiku, wanakuonyesha ile barabara ya juu ya kulipia, kilomita 27 kutoka Mlolongo mpaka Westlands, wanakuonyesha Gigiri na maduka makubwa yenye walinzi wanaokagua buti la gari. Huko si kuitetea Nairobi, huko ni kukubali kwamba Nairobi ni mbaya isipokuwa penye geti. Mgeni anatoka uwanja wa ndege anapaa juu ya mji kwa ile barabara, anashukia hotelini, analipia ulinzi siku tatu, anaondoka bila kugusa ardhi, na anarudi kwao anasema alikuwa makini ndo maana hakuibiwa. Nairobi ninayoitetea mimi ni ya chini, ya Tom Mboya Street na Ronald Ngala, ya soko la Gikomba, ya Eastleigh ambayo wenyewe wanaiita Islii, maana huko ndiko wanakoishi na kupita watu wengi kati ya wale milioni nne na laki nne waliohesabiwa 2019, na huko ndiko sifa mbaya ilikopachikwa.

Panda matatu jioni pale kituo cha Archives, katikati ya mji, uone. Gari limejaa, muziki unatikisa vioo, makanga yuko mlangoni ameshika noti amezikunja kwa urefu katikati ya vidole, anagusa mabega kuomba nauli. Wa nyuma kabisa hana chenji, ana noti ya mia tano. Anampa aliye mbele yake, yule anampa mwingine bila kugeuka, inapita mikono minne ya watu wasiojuana mpaka mlangoni, na baada ya muda inarudi mia nne na kitu kwa njia ile ile, noti na sarafu, kila mtu anapokea na kupitisha huku anaangalia simu yake, mwenye pesa anahesabu anaweka mfukoni. Hakuna anayemtaja Mungu wala kumshukuru mtu. Nimelitazama hilo mara nyingi sana na kila mara najiuliza, mji unaoitwa wa wezi unaendeshaje usafiri wake wa kila siku kwa kuaminiana namna hii? Wizi wanaoulalamikia abiria wenyewe ndani ya gari ni mwingine kabisa: mvua ikinyesha nauli inapanda, ya shilingi hamsini inakuwa mia, na huna pa kwenda kwa sababu umeshalowa. Hilo utalisikia kila steji, lakini halimo kwenye stori za shemeji.

Baada ya hapo kuna hoja nzito, na hizi sitaki kuzipita haraka. Ya kwanza ni ugaidi. Kwenye maduka ya Westgate Septemba 2013 watu 67 waliuawa, kwenye hoteli ya Dusit Januari 2019 watu 21, na familia zao ziko hai. Siwezi kumwambia mtu hilo ni dogo. Naweza kumwambia tu kwamba shambulio la aina ile linachagua mji mkuu wenye balozi, wenye wageni na wenye jeshi Somalia, halitokani na tabia ya wakazi wala haliwezi kukwepwa kwa kuogopa River Road, na sehemu zilizoshambuliwa zilikuwa zile zile za kifahari ambazo mgeni anashauriwa kukimbilia. Ukiangalia mauaji ya kawaida, Kenya kwa miaka ya karibuni inahesabu takriban matano kwa kila watu laki moja, Marekani nayo inacheza humo humo au inazidi kidogo, na Afrika Kusini imepita 40. Hizo ni namba za nchi si za mji, ila mtu anayesema anaenda Houston bila wasiwasi halafu Nairobi anaiogopa, ana jambo la kutafakari.

Ya pili ni siasa. Juni 25, 2024 vijana walioandamana waliingia bungeni, polisi wakapiga risasi, na katika wiki zile makumi ya watu waliuawa nchini, wengine wakachukuliwa usiku na magari yasiyo na namba. Mwaka uliofuata mwezi ule ule damu ikamwagika tena. Mtu akiniambia anaogopa kufika Nairobi tarehe za maandamano namwambia ana haki, asiende mjini siku hiyo. Lakini tutaje jina la hatari hiyo sawasawa: pale hatari ilikuwa na sare, haikutoka kwa muuza smokie, zile soseji za barabarani, wala kwa chokoraa. Na sisi huku tumejifunza kwa uchungu, Oktoba 29, 2025 na siku zilizofuata Dar tuliwekewa amri ya kutotoka nje usiku, intaneti ikazimwa, watu wakafa, mji ambao tuliuuza miaka yote kama kisiwa cha amani. Sijasikia mtu mwenye akili akisema watu wa Dar sasa wamekuwa washari. Amani ya mji inaweza kutolewa na kunyang'anywa na wenye madaraka kwa wiki moja, kwa hiyo kuigeuza iwe tabia ya wakazi ni kumwonea mtu.

Ya tatu hata haimo kwenye ramani ya zamani na ndiyo inayonitisha zaidi. Januari 2024 wanawake wa Nairobi waliingia barabarani kwa maelfu kupinga mauaji ya wanawake, na kati ya kesi zilizowatoa nje zilikuwemo za wasichana waliouawa kwenye nyumba za kupanga kwa siku, zile zenye lifti na mlinzi getini, na wanaume waliowafahamu au waliokutana nao mtandaoni. Ungemsikiliza shemeji ungemwonya mdogo wako wa kike asipite Gikomba, ukamruhusu aende kwenye nyumba ile kwa sababu iko sehemu nzuri. Kuna na barabara zenyewe, zaidi ya watu 4,000 wanakufa barabarani Kenya kila mwaka na kundi kubwa ni wanaotembea kwa miguu, halafu mgeni anashika begi lake kwa mikono miwili anavuka Thika Road chini ya daraja la waenda kwa miguu ili asikutane na watu juu. Yaani ile hofu inamtoa kwenye wizi ambao pengine usingetokea, inampeleka kwenye gari linalokuja kasi.

Kwa nini basi ramani hii haifi? Mi naona ni kwa sababu ni kongwe kuliko miaka ya tisini. Nairobi ilianza 1899 kama kituo cha reli mahali ambapo Wamaasai walipaita pa maji baridi, na karibu tangu mwanzo ilipangwa kwamba mzungu akae vilimani, Mhindi katikati, na Mwafrika awepo kwa kazi tu kisha aondoke. Kuanzia 1919 na 1920 mwanaume Mwafrika alivaa kipande shingoni ndani ya kikebe cha chuma, akikutwa bila hicho ni mzururaji, anakamatwa. Aprili 1954 Waingereza, wakiwasaka Mau Mau, walifunga mji mzima wakakamata maelfu kwa maelfu, wengi Wakikuyu, wakawapakia kwenye malori. Yaani kumwona maskini aliyesimama mjini kama mhalifu ni sheria ya zamani kabla haijawa stori ya kijiweni. Na haikuondoka na bendera. Aprili 2014 polisi walifagia Eastleigh, Wasomali wakakamatwa kwa maelfu, wenye vitambulisho na wasio navyo, na walifungiwa wapi? Kasarani, uwanja ule ule tunaobishania tiketi leo. Mathare, mtaa duni mwingine wa Nairobi, kuna kituo cha haki za jamii, Mathare Social Justice Centre, ambacho kwa miaka kimekuwa kikiandika majina ya vijana wa mtaani kwao waliopigwa risasi na polisi, na maelezo baada ya kila kifo ni yale yale, alikuwa jambazi. Jina baya la mji ndilo linalofanya maelezo hayo yakubalike bila swali. Tunapolirudia kwenye grupu tunadhani tunapiga stori tu, wakati kuna mama anazika mtoto kwa sababu watu wengi mno waliamini kwamba kijana wa Mathare hawezi kuwa kitu kingine.

Ndo maana nikiifikiria AFCON siwazi sana kama wabongo wataibiwa. Nawaza mji ukiona aibu kwa jina lake utafanya nini wageni wakikaribia. Afrika Kusini 2010 wauzaji wadogo waliondolewa kuzunguka viwanja ili dunia isiwaone. Dar tuliwaondoa wamachinga barabarani 2021, tunajua kinavyofanyika na nani anaumia. Nairobi ikifanya hivyo itafukuza wale wale ambao kiukweli ndio ulinzi wa mgeni, maana barabara yenye mama wa chai, muuza mayai na jamaa wa boda saa tano usiku ina macho, na barabara iliyosafishwa haina. Mara nyingi tu nimetembea Tom Mboya simu mkononi na aliyenistua ni muuza smokie, "boss, weka simu ndani", huku anaendelea kukata kachumbari, hakutaka kitu kwangu. Mwondoe huyo uweke askari kumi, sijui kama nitajisikia salama zaidi, na kwa yaliyotokea 2024 na 2025 kijana wa Nairobi hatajisikia hivyo kabisa.

Hata lile tukio la Kasarani wakati wa CHAN ukiliangalia bila ile ramani linasema jambo lingine. Mji ulitaka kuingia uwanjani kuliko viti vilivyokuwepo, Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, walikuwa wanacheza vizuri ambavyo hawajacheza muda mrefu, wakawafunga Morocco walioishia kuchukua kombe, na watu wakaja kwa miguu kutoka Mwiki, Githurai, Zimmerman. Kuvunja geti ni kosa na kunaua, sitetei, Afrika imezika mashabiki wengi mno kwa msongamano. Lakini hilo ni suala la mageti, tiketi na njia za kuingilia. Fainali ya Morocco na Madagascar ilichezwa pale pale Agosti 30 na ikaisha.

Na kuna kitu mtu wa pwani anakikosa akikaa nyumbani. Nenda Pumwani, mtaa uliopimwa rasmi kwa ajili ya Waafrika mwanzoni mwa miaka ya 1920, utakuta misikiti ya zamani, nyumba za Majengo, wazee wanaoongea Kiswahili ambacho ukifumba macho utadhani uko Tanga. Jirani yake kuna Pangani, jina hilo hilo la kwetu. Kibera yenyewe jina limetoka kwa Wanubi, wanajeshi wa KAR, jeshi la Waingereza la wakati wa ukoloni, waliopewa makazi pale, kibra kwao ni pori. Mji huu umejengwa na watu wa lugha yetu kwa kiasi ambacho hatuambiwi, halafu tunaukimbia kwa jina tulilopewa na wengine.

Kwa hiyo kwenye grupu nimeacha kubishana kuhusu wezi. Swali ninalouliza sasa, na ningependa waandaaji waulizwe kila wiki mpaka 2027, ni moja: mechi ikiisha Kasarani saa nne usiku, kuna matatu ngapi pale Thika Road za kurudisha watu mjini, nauli itabaki ile ile hata mvua ikinyesha, na taa za yale madaraja ya waenda kwa miguu zitakuwa zinawaka?